Rejeta utaifunga mwenyewe, ila hewa ndiyo itakayokuulia injini

Mkuu, weka hiyo spana chini kwanza.

Umeuliza kama kuna haja ya kumlipa fundi akubadilishie rejeta kwenye gari la zamani wakati kazi yenyewe "ni bolti nne na mipira miwili tu". Hayo maneno ya bolti nne nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo na muuza spea mmoja huku ananihesabia chenji, tena kwa kujiamini kama vile injini aliitengeneza yeye. Injini niliyoipoteza ilikuwa yangu, siyo yake.

Kufunga rejeta kweli si kazi kubwa. Unamwaga kulanti, yaani yale maji ya kupozea injini (kwenye ndoo, usimwage chini, ina utamu, mbwa akiilamba anaweza kufa), unafungua mpira wa juu na wa chini, unachomoa waya za feni, unalegeza bolti, inatoka. Ya kwangu niliifunga safi, halikuvuja hata tone. Mpaka leo nasema kuna mafundi wengi hawafungi klipu kama nilivyofunga mimi, na anayebisha aje. Shida yangu haikuwa kwenye bolti.

Shida ni hewa. Ukishamwaga maji, mfumo mzima unabaki na hewa. Unajaza kwa juu, unaona maji yamefika mdomoni, unafunga mfuniko, unajipongeza. Kumbe injini ni ya baridi na themostati, kile kimlango kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, imefunga. Nyingi hufunguka joto likifika kama nyuzi 82 hadi 88, kwa hiyo ulichojaza ni rejeta na kasehemu tu ya injini. Huko ndani kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), penye moto mkali kuliko kote, na kwenye hita ya kupasha ndani ya gari, hewa imekaa na haina pa kutokea.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipouawa. Ile geji ya kwenye dashibodi haipimi joto la injini. Inapima joto la kitu kinachogusa sensa. Sensa ikiwa ndani ya maji, mshale unasema kweli. Sensa ikiwa kwenye hewa, mshale unasema unachotaka kusikia. Mshale wangu ulipanda mpaka karibu na katikati, ukatulia, halafu ukaanza kushuka. Kushuka! Gari zee, napanda mlima, na mshale unarudi kwenye baridi. Nikasema rejeta mpya hiyo bwana, si mchezo. Nikakanyaga mafuta. Nikawasha hita kwa majaribio, ikapuliza ubaridi, nikasema na hita nayo imekufa, nitaishughulikia siku nyingine.

Hita ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni maji ya moto ya kuipasha, kwa sababu mle ndani kulikuwa na hewa tupu. Hicho ndicho kifaa pekee kwenye gari zima kilichoniambia ukweli siku ile, na nikakizima.

Baadaye injini ikaanza kugonga, nguvu zikaisha, mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikampigia yule yule muuza spea (ndiyo, najua). Akasema, "Ongeza maji tu, usogee nalo mpaka nyumbani." Maji ya baridi, kwenye hedi ya alumini inayoungua, na mtu mzima nikamsikiliza. Gasketi, ile pakingi ya kati ya hedi na injini, ikakatika, maji yakaingia kwenye oili, ukichomoa kijiti cha kupimia oili unakuta imegeuka nyeupe kama maziwa. Hedi ilipopelekwa kuchongwa, wakakuta imepinda na ina ufa katikati ya valvu mbili. Haichongeki. Kwa pesa iliyonitoka hapo, ningemlipa fundi wa rejeta, nikamlipa tena mwakani hata kama hakuna kilichoharibika, na chenji ikabaki.

Fundi aliyefungua injini akaniuliza, "Rejeta hii alikufungia nani?" Nikamwambia kuna kijana mmoja hivi, sijui siku hizi yuko wapi.

Na huyo mshauri wangu wa dukani kuna jingine alinipa: "Themostati toa tupa, magari ya zamani hayaihitaji." Hili nalo utaambiwa, nakuahidi. Usitoe. Injini haitafika joto lake, itakula mafuta ovyo, na kuna injini ambazo themostati ikishafunguka huwa inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta na gari linachemka zaidi. Mimi sikuitoa. Si kwa akili, bolti yake iligoma tu kufunguka.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, awe amefunga fundi au umefunga mwenyewe: gari halitoki lilipo mpaka hita ipulize moto. Hata kama jua linakuunguza utosi.

Ukiamua kufanya mwenyewe, egesha pua ikitazama juu kidogo ili mdomo wa rejeta uwe juu. Hita iweke kwenye moto wa mwisho, feni yake polepole. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze huku unajaza mpaka yatoke maji bila mapovu, kisha kaza. Jaza taratibu, minya ule mpira wa juu kwa mkono, utasikia mabubujiko. Injini ikiwa bado ya baridi na mfuniko uko wazi, washa, acha iungurume, ongeza kila maji yanaposhuka. Themostati ikifunguka utaona maji yanazama ghafla. Hapo mapovu hutoka mengi. Jaza, funga mfuniko, subiri feni ya rejeta ijiwashe na kujizima, shika hewa ya hita kwa kiganja. Ikiwa baridi, hujamaliza, hata mshale useme nini. Zima, acha lipoe kabisa, fungua, ongeza, rudia. Na ukishaufunga mfuniko, injini ikiwa ya moto usiufungue. Mle ndani maji yamebanwa na presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua yanachemka kwa mpigo usoni kwako.

Ukiona hiyo subira huna, mlipe fundi. Ila ujue unachomlipia: si bolti, ni huo muda wa kusimama hapo na kusikiliza mapovu. Kabla hajagusa gari muulize, "Hewa utaitoaje?" Akikujibu kwamba itajitoa yenyewe ukiwa barabarani, chukua funguo zako uondoke. Huyo na yule muuza spea wamesoma darasa moja.

Halafu hukusema gari ni manyuo au otomatiki. Kama ni otomatiki, chungulia chini ya rejeta. Ukiona kuna vibomba viwili vyembamba vya chuma vimeingia pale, hivyo vinapitisha mafuta ya gia kwenda kupozwa, si maji. Usivifungue bado. Rudi uniambie kwanza umeona nini, na kama mafuta ya gia yamegeuka rangi.