Uhalisia na ekspreshonisimu: namna ya kuifuatilia nafsi jukwaani

Ukihakiki tamthilia kwa jicho la saikolojia changanuzi, yaani uchunguzi wa yaliyofichika akilini, usianze kwa kuuliza mhusika ana ugonjwa gani. Anza na jukwaa lenyewe: linaonyesha dunia kama kila mtu aionavyo, au kama aionavyo mtu mmoja aliyeshikwa na hofu? Uhalisia, mtindo wa kuonyesha dunia kama kila mtu aionavyo, huficha kilichokandamizwa, yaani hisia zilizosukumwa nje ya fahamu; ekspreshonisimu, mtindo wa kuionyesha kama aionavyo mtu mmoja, hukianika. Ukitumia mbinu ileile kwa zote mbili, moja utaisoma vibaya.

Katika uhalisia, soma maelekezo ya jukwaani kabla ya dayalojia. Chukua *Hedda Gabler* ya Henrik Ibsen (1890). Hedda ameolewa na Tesman, ila tamthilia inabeba jina la baba yake. Picha ya jenerali huyo imetundikwa juu ya sofa kwenye chumba cha ndani, na bastola anazochezea Hedda ni zake. Mimba ikidokezwa, Hedda hukwepa au hukasirika. Halafu katika tendo la tatu anauchoma mswada wa Løvborg, rafiki yake wa zamani, fungu kwa fungu, akinong'ona kwamba anamchoma mtoto wa Thea, mwanamke aliyemsaidia Løvborg kuuandika. Asichoweza kukitamka kuhusu mimba yake kimehamia kwenye karatasi. Mwishowe anajiua kwa bastola ya baba, na maiti yake inakutwa kwenye sofa ileile, chini ya picha.

Kanuni ya kazi hii: tafuta pale hisia zinapolizidi jambo lenyewe. Mwaka 1916 Sigmund Freud, mwanzilishi wa saikolojia changanuzi, alifanya hivyo kwa Rebecca West wa *Rosmersholm*, tamthilia nyingine ya Ibsen. Rebecca anaambiwa habari za asili yake na anafadhaika kupita kiasi, hadi anatoa kisingizio kuhusu umri wake. Freud hakuupuuza mfadhaiko ule. Aliufuata mpaka kwenye hatia iliyomzuia Rebecca kuolewa na mwanamume aliyemtaka.

Lakini usimkimbilie Oedipus, yaani dhana ya Freud ya mtoto kumtamani mzazi wa jinsia nyingine, kila baba anapotajwa. Dai lako likikosa walau sehemu tatu za kulishikilia ndani ya matini, liache. Na maisha ya mwandishi si ushahidi kuhusu mhusika.

Ekspreshonisimu inataka kazi nyingine kabisa. August Strindberg, katika *Ett drömspel* (yaani "Mchezo wa ndoto", 1901), alifuata mwendo wa ndoto: wahusika hugawanyika, huongezeka, huyeyuka. Hapa hakuna haja ya kuchimba, maana kilichokandamizwa kimeshapanda jukwaani. Unachosoma ni mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na kwa nini.

*The Emperor Jones* ya Eugene O'Neill (1920) ni somo zuri sana la jambo hili. Ngoma inaanza kwa mapigo 72 kwa dakika, sawa na moyo uliotulia, kisha inazidi kwenda kasi hadi anapokufa Jones, Mmarekani mweusi mtoro aliyejifanya mfalme kisiwani. Msituni anakutana kwanza na hofu zisizo na umbo, kisha Jeff, mtu ambaye Jones alimuua, mlinzi wa gereza, mnada wa watumwa, merikebu ya watumwa, na mwisho mungu-mamba. Ana risasi sita: tano za kawaida na moja ya fedha, na kila anapofyatua anabaki na kinga pungufu. Angalia mnada ule: Jones hakuuzwa yeye mwenyewe, kwa hiyo kumbukumbu yake binafsi haitoshi kuueleza. Wahakiki wengi hukwama hapa kwa kung'ang'ania Freud peke yake. Dhana ya mwanasaikolojia Carl Jung ya fahamu fiche ya pamoja (collective unconscious), yaani yaliyofichika akilini ambayo watu hurithi kwa pamoja, ndiyo inayofaa.

Tamthilia ngumu zaidi ni zile zinazochanganya mitindo. Katika *Death of a Salesman* ya Arthur Miller (1949), wakati uliopo waigizaji huheshimu kuta za nyumba na kupitia mlangoni. Katika kumbukumbu za Willy, mhusika mkuu, hupenya kuta hizohizo. Pigia mstari wakati uliopo kwa rangi moja, na kila kuta zinapopenywa kwa rangi nyingine. Kisha linganisha rangi mbili: Willy anamfokea mkewe Linda kwa kushona soksi zake kuukuu, na sababu inajitokeza baadaye katika hoteli ya Boston, ambako mwanamke mwingine alipewa na Willy soksi mpya, na mwanawe Biff akashuhudia.