Yanga niliyoijua mezani kwa vifungo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ni ushabiki gani unaoujua vizuri ingawa si wako, na nani aliyekufundisha? Nimekaa nalo tangu Jumatatu, mguu uko kwenye cherehani na akili iko kwenye jibu, kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, Magomeni. Fremu tunailipia kodi wawili, mimi na shoga yangu, na cherehani zetu zinatazamana. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Yeye ni Yanga. Sisemi anaipenda wala anaifuatilia. Mkazi wa Dar ataelewa nikisema ni Yanga. Mimi sina timu. Nyumbani redio yetu ilikuwa ya taarifa ya habari na taarabu, baba hakuwa mtu wa mpira, na hadi leo sijakanyaga Uwanja wa Mkapa wala kukaa kibanda umiza dakika tisini zikaisha.

Lakini niulizeni. Nitawaambia klabu ilianza 1935, na kwamba watani wa Msimbazi walifuata 1936, wakaitwa Sunderland kwa miaka mingi kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Nitawaambia mshambuliaji wao Fiston Mayele akifunga alikuwa anatetema, maana msimu ule watoto wa wateja wangu walikuwa wakitetema pale mlangoni huku mama zao wakipimwa. Haya yote yamepita kinywani mwa mtu mmoja kabla ya kunifikia, tena kati ya pindo na pindo.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote ni la Juni 2023. Yanga walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakacheza na USM Alger ya Algeria. Mchezo wa kwanza hapa Dar walifungwa 2-1. Wa pili, kule Algiers, walishinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani ya mapema kabisa. Kombe likaenda kwa Waarabu. Jumatatu yake shoga yangu aliingia kazini macho yamevimba, nami nikauliza kwa nia njema kabisa: mbili kwa mbili, mbona wamepewa wao?

Hakunikasirikia. Alimimina kopo la vifungo mezani, akachagua viwili vya njano na viwili vyeusi. "Hivi vyetu, hivi vyao. Sawa?" Sawa. Kisha akasogeza pembeni vile vilivyofungwa ugenini: vyeusi vyote viwili, maana walivipata hapa kwetu, na cha njano kimoja tu. "Goli la ugenini ndilo linaloamua mkilingana." Akaviacha pale mezani. Nilikata vitambaa siku nzima nikivizunguka vile vifungo, sikuthubutu kuvirudisha kwenye kopo. Sikuumia kwa sababu ya Yanga. Niliumia kwa sababu yake, ila nilijua sasa kinachouma kiko wapi, kilikuwa kimoja cha njano dhidi ya viwili vyeusi.

Kuna watu huniambia, wewe unasikilizaje maneno ya mpira kutwa na hayakuhusu? Nawajibu kwamba wanajinyima. Mtu anayekieleza kitu anachokipenda huwa mkarimu kuliko siku nyingine zote. Anapanga maneno, anatafuta mfano utakaoeleweka na wewe fundi. Mimi mtu wa namna hiyo simkatizi. Na wala sijifanyi shabiki, maana huo ni uongo nao unaonekana. Nauliza swali la pili tu, basi.

Tuna binti pia, anajifunza kazi kwetu. Wake ni wale vijana saba wa Korea, BTS. Kwa huyo nimejua walianza Juni 2013, na kwamba zambarau ni rangi yao kwa sababu mmoja wao, V, mwaka 2016 aliwaambia mashabiki kuwa ndiyo rangi ya mwisho kwenye upinde wa mvua, hivyo ni ya kuaminiana na kupendana kwa muda mrefu. Nyimbo zao sizitofautishi, na sauti zao hata kidogo. Ila nilijua habari ya jeshi. Kwao kijana wa kiume lazima alitumikie taifa, na Jin alitangulia Desemba 2022. Binti alikuwa na kalenda ukutani nyuma ya cherehani yake, anakata siku kwa chaki. Suga, ambaye alipangiwa utumishi wa kiraia wenye muda mrefu zaidi, alimaliza wa mwisho, Juni 2025. Siku hiyo binti alituletea soda. "Anti, wametoka wote." Nikanywa kwa furaha ya kweli.

Sasa, ujuzi wa namna hii una mashimo, na mashimo yake yana umbo la aliyekufundisha. Niliyagundua hivi karibuni. Shoga yangu amenisimulia Novemba 2023 mara zisizohesabika, Yanga walipomfunga Mnyama, yaani Simba, 5-1, kono la nyani kama wanavyosema, na mabao mawili ya Maxi Nzengeli ninaweza kuyaeleza kana kwamba nilikuwepo. Mwezi uliopita mteja mmoja, Simba damu, alikuja kuchukua gauni lake akatukuta kwenye habari hiyohiyo. Akaniambia polepole, "Mwulize rafiki yako Mei 2012."

Mteja alipoondoka niliuliza. Miaka kumi na moja ya mazungumzo, na 2012 haikuwahi kutajwa hata siku moja. Shoga yangu akaweka mkasi chini.

Tano bila, akasema. Tarehe 6 Mei. Mpaka kipa wao, Juma Kaseja, alipiga penalti akatufunga. Shoga yangu alikuwepo uwanjani na marehemu kaka yake, wakarudi nyumbani bila kusemezana, jezi wamezigeuza ndani nje. Nikadhani ndiyo sababu ya kunyamaza miaka yote hiyo. Akatikisa kichwa.

"Kulikuwa na kiungo wao, Patrick Mafisango, Mnyarwanda. Alitusumbua siku ile. Nilimchukia wiki nzima, nilimsema vibaya kila nilipokaa. Tarehe 17 mwezi uleule akafa kwa ajali ya gari, hapahapa Dar." Akanyamaza kidogo. "Nililia, shoga. Mimi Yanga, nalia kwa mchezaji wa Simba, na nyumbani hakuna wa kumwambia."

Nikamuuliza alikuwa anacheza vipi, huyo Mafisango. Akavuta kopo la vifungo.