Maswali ya Wasomaji: Ruta Inasingiziwa

SWALI: Nimenunua ruta ya bei nafuu yenye matundu ya gigabiti (kasi ya megabiti 1000 kwa sekunde), na waya wa neti mita 30 nilioupitisha nje hadi nyumba ya uani. Kompyuta inaonyesha kasi ya 100 badala ya 1000, na mvua ikinyesha neti inakatika. Niirudishe ruta? – Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Usiirudishe kwanza. Ijaribu kwa waya mfupi mzima. Ikionyesha 1000, ruta haina kosa.

Kasi ya 100 hutumia nyuzi 4 tu, ya 1000 inazitaka zote 8. Uzi mmoja kati ya zile nne nyingine usipogusa vizuri, vifaa hushuka hadi 100 bila kukuambia. Kata plagi zote mbili za waya wa neti, ubane mpya kwa mpangilio huu pande zote: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kabla ya kubana, hakikisha ncha zote nane zimefika mwisho wa plagi. Nunua plagi sita. Mbili tatu lazima zitaharibika.

Hapo hapo kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba: bei nafuu, lakini hukatika ukikunjwa.

Kuhusu mvua, ganda la waya wa kutumia ndani ya nyumba hupasuka kwa jua, maji yakaingia. Tafuta waya wa kutumia nje, mweusi, na uachie kitanzi kinachoning'inia kabla ya tundu la ukutani ili maji yadondokee hapo. Kabla radi hazijaanza, chomoa ncha zote mbili.