Picha za Kihindi za 1975: anza na Deewaar, Sholay iache mwisho

Mtu akiomba aelekezwe picha za Kihindi za zamani, wengi humtajia Sholay na kuishia hapo. Ushauri huo humwangusha mgeni. Sholay inapita saa tatu, na Gabbar Singh, jambazi wake, anachukua karibu saa nzima kabla ya kuonekana. Mwenye simu mkononi ataondoka kabla adui hajafika. Isitoshe, Sholay ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, na nyuma yake kulikuwa na miezi saba ya picha zilizoandaa watu kuipokea. Ukiifuata 1975 kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, yaani Deewaar ya Januari, Aandhi ya Februari, Chupke Chupke ya Aprili, Mili ya Juni, kisha Sholay, utaona jambo ambalo picha moja moja haikuoneshi: sura zile zile zinabadilika kila baada ya miezi michache, na katikati ya mwaka siasa ya India inaingia hadi chumba cha uhariri.

Ishike tarehe moja kichwani: 25 Juni 1975, siku serikali ya Indira Gandhi ilipotangaza hali ya hatari iliyodumu hadi Machi 1977. Deewaar na Chupke Chupke zilishakuwa sinemani. Sholay ilikuwa bado haijapitishwa na wakaguzi wa filamu.

Deewaar ndiyo mlango. Mwongozaji ni Yash Chopra, waandishi ni Salim Khan na Javed Akhtar, wale wanaojulikana kwa pamoja kama Salim-Javed. Ni karibu saa tatu, lakini haina mafuta ya ziada. Nyimbo ni chache, na Vijay, yaani Amitabh Bachchan, haimbi hata mmoja. Mapenzi ya bustanini ameachiwa mdogo wake Ravi, anayechezwa na Shashi Kapoor. Anayetafuta picha ya kucheza na kuimba ataiona kavu. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Hapo usiruke utoto wao. Watu wengi husogeza mbele hadi Amitabh atokee, halafu mwishoni hawaelewi analia nini. Ni utotoni ambapo wafanyakazi wenye hasira wanamchora Vijay mkononi maneno kwamba baba yake ni mwizi. Ni utotoni pia ambapo, akiwa mpiga viatu rangi, anakataa kuokota hela aliyotupiwa na kudai apewe mkononi. Miaka inapita, anaajiriwa na bwana yule yule aliyekuwa anamsafishia viatu, na kauli ile inarudi. Bila dakika 25 za mwanzo, picha nzima inageuka kuwa ya ngumi tu.

Halafu kuna billa, beji ya shaba ya kuli wa bandarini yenye namba 786, ambayo kwa Waislamu husimama badala ya Bismillahi. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa namba hiyo, ila watazamaji wengine hudhani ni namba ya kazi kama nyingine yoyote. Mzee Rahim ndiye anayemweleza Vijay uzito wake, na Vijay, ambaye hakanyagi hekalu la mama yake, anaishika beji hiyo kama hirizi. Ifuatilie iko wapi kila anapoingia hatarini. Ukiipoteza machoni, dakika kumi za mwisho zitakupita.

Kuna mandhari mbili za kurudia. Ya kwanza ni ya ghala. Vijay amekaa, miguu juu, anawasubiri wale wanaomtafuta mji mzima. Anafunga mlango kwa kufuli, anamrushia Peter, mmoja wao, ufunguo na kumwambia atauchukua mwenyewe kutoka mfukoni mwa huyo Peter. Angalia jinsi Amitabh anavyochelewa kusimama. Ugomvi wenyewe ni wa kawaida, ila ule uchelewaji ndio ulioigwa na kila stelingi aliyemfuata. Ya pili ni ya chini ya daraja, pale ndugu hao walipokuwa wakilala utotoni. Vijay anataja mali zake: majumba, fedha, gari. Ravi anajibu kwa sentensi moja kwamba yeye anaye mama. Sentensi hiyo imechekeshwa na kuigizwa mno hata mtu akiisikia kwa mara ya kwanza ndani ya picha anatabasamu. Vumilia. Sikiliza kinachopigwa kwa chini: ni wimbo wa uzalendo wa India, na ndugu wanaopimana pale mmoja amevaa sare ya polisi.

Waliokulia na kanuni kwamba stelingi hafi wajiandae. Salim-Javed waliivunja mara mbili mwaka huo, Januari na Agosti. Baada ya miaka 50 hiyo si siri tena.

Aandhi ya Gulzar ina saa mbili na robo hivi, na ni ya kutazama usiku, nyumba ikiwa imetulia. Suchitra Sen anacheza mwanasiasa aliyemwacha mume, naye Sanjeev Kumar ni mume huyo, meneja wa hoteli anayofikia mkewe wakati wa kampeni. Sari, mwendo na ule mchirizi mweupe wa nywele viliwafanya watu wamwone Indira Gandhi, na hali ya hatari ilipokuja picha ikapigwa marufuku hadi utawala ulipobadilika mwaka 1977. Kosa la watazamaji wa leo ni kuitafuta siasa hiyo. Hawataipata nyingi, kwa sababu hii ni picha ya ndoa.

Wengi wanazijua nyimbo zake kwa kuzisikia tu, hasa "Tere Bina Zindagi Se". Usiridhike na sauti. Ndani ya picha wimbo huo unakatizwa na mazungumzo katikati ya magofu: mume anaeleza habari ya mwezi na usiku wa giza unaopita baada ya siku chache, kisha anasema safari hii giza limekaa muda mrefu, naye mke anataja miaka tisa. Baada ya hapo wimbo unaendelea. Kopi zilizokatwa kwa ajili ya vipindi vya muziki huondoa maneno hayo, na ukiyaondoa, wimbo unabaki mzuri lakini hauumi.

Chupke Chupke ya Hrishikesh Mukherjee ni kichekesho, na ndiyo ngumu kuliko zote kwa asiyejua Kihindi. Dharmendra ni profesa wa botania anayejifanya dereva ili amtanie shemeji wa mkewe, mzee anayejivunia Kihindi safi. Utani wote umo katika ulimi: dereva anaongea Kihindi cha vitabuni hadi mzee mwenyewe anachoka. Kwa hiyo maandishi ya tafsiri ya ovyo yanaua picha. Ipime kopi kwa mandhari moja kabla hujaita watu sebuleni: pale dereva anapouliza, ikiwa T na O husomwa "tu", na D na O husomwa "du", kwa nini G na O isisomwe "gu". Kama maandishi hayaioneshi hoja hiyo waziwazi, tafuta kopi nyingine. Na zile zilizotafsiriwa kwa sauti na ma-DJ, ambazo kwa picha za ngumi huongeza utamu, hapa hazifai kabisa, kwani DJ anafunika kile kile kinachochekesha.

Amitabh huingia nusu ya pili, profesa wa Kiingereza anayelazimishwa kufundisha botania asiyoijua. Yule wa ghalani wa Januari! Ndiyo sababu tunasisitiza mpangilio wa miezi. Hesabu pia sura zitakazokutana tena baada ya miezi minne: Dharmendra, Amitabh, Jaya Bhaduri, Asrani, Keshto Mukherjee. Wote wamo Sholay.

Mili, ya mwongozaji huyo huyo, inatosha kusemwa kwa ufupi. Jaya ni msichana mgonjwa, Amitabh ni jirani mlevi, na muziki ni miongoni mwa kazi za mwisho za S. D. Burman, aliyefariki tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Ukikosa muda, hii ndiyo ya kuruka, ila sikiliza "Badi Sooni Sooni Hai" ya Kishore Kumar.

Sasa Sholay. Kabla ya kubonyeza, jua ni toleo gani ulilo nalo, maana yako zaidi ya moja. Wakaguzi hawakukubali Thakur, afisa wa zamani wa polisi, amuue Gabbar kwa miguu yake mwenyewe, hivyo mwongozaji Ramesh Sippy akalazimika kupiga mwisho mwingine ambapo polisi wanafika dakika ya mwisho na kumzuia Thakur. Huo ndio ulioonekana sinemani, na una takriban saa 3 na dakika 18. Ukiona Thakur anakamilisha kazi na viatu vyake vyenye misumari, unatazama mwisho wa awali, na picha ni ndefu zaidi kwa dakika kadhaa. Mwaka 2025 toleo lililokarabatiwa lenye mwisho huo lilioneshwa Bologna, Italia, na kama unaweza kulipata, chukua hilo. La 3D la 2014 achana nalo.

Usidanganywe na urefu peke yake, lakini. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Kopi nyingi za DVD za mfumo wa PAL, unaotumika Afrika Mashariki, huchezwa kwa 25. Picha hupungua kwa asilimia 4, kwa hiyo saa 3 na dakika 18 huwa saa 3 na dakika 10 bila kukatwa chochote, ila sauti hupanda kidogo. Hapo ndipo maandishi ya tafsiri uliyopakua mtandaoni hugoma. Yakichelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo, yasogeze: kwenye programu ya VLC ya kompyuta bonyeza G au H, kila mbonyezo husogeza milisekunde 50. Yakianza sawa kisha yakachelewa kidogo kidogo, tatizo ni kasi, na kusogeza hakutasaidia. Tafuta faili la kopi ya kasi yako. Yakiruka ghafla katikati, faili ni la toleo jingine lililokatwa tofauti.

Upana nao. Sholay ilipigwa kwa milimita 35 ikakuzwa hadi 70, pamoja na sauti ya stereo, jambo geni India wakati huo. Kopi ya mraba ya televisheni haikupi fremu iliyooneshwa sinemani, na spika ya simu haikupi chochote. Vaa hedifoni, hasa kwa mauaji ya familia ya Thakur. Muziki unanyamaza, bembea inalialia, upepo unavuma. Mtoto anabaki peke yake mbele ya Gabbar, bunduki inainuliwa, na badala ya kuoneshwa anachofanyiwa, unakatiwa kwenye treni inayomleta Thakur nyumbani. Mhariri M. S. Shinde alipata tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa ya picha za Kihindi, kwa kazi yake, na ndiyo Filmfare pekee Sholay iliyopata kwa mwaka huo. Ya picha bora mwaka huo ilikwenda kwa Deewaar. Tunaona hawakukosea, ingawa wengi watagomba.

Mambo mawili madogo. Usiitafute kawali ya "Ke Chand Sa Koi Chehra" ukadhani kopi yako imeibiwa kipande. Ilirekodiwa lakini haikuingia kwenye picha. Na ukitazama na mgeni, usimwambie lolote kuhusu sarafu ya Jai, yaani Amitabh.

Mwaka huo huo, picha ya fedha kidogo isiyo na nyota mkubwa ilijaza kumbi pamoja na Sholay: Jai Santoshi Maa. Watu walivua viatu mlangoni na kuirushia skrini maua na sarafu. Ukiitazama kama picha ya maigizo utacheka hila zake za kamera, na utakuwa na haki. Itazame kama ibada iliyorekodiwa. Ujue kitu kimoja tu: mfungo wa Ijumaa wa Santoshi Maa, mungu wa kike anayeabudiwa humo, unakataza kitu chochote kichachu. Bila hilo, utaona wake wa mashemeji wakikamulia ndimu kwenye chakula na usielewe kwa nini dunia inataka kupasuka.

Zilizobaki, chagua kwa hali yako. Julie ni kwa nyimbo za Rajesh Roshan, zilizompa Filmfare. Inahusu mimba kabla ya ndoa, kwa hiyo si ya kuweka mbele ya bibi na wajukuu bila kuonya, na yule mdogo wa Julie ni Sridevi akiwa mtoto. Dharmatma ya Feroz Khan ni kwa mandhari ya Afghanistan na farasi. Ni kwa sababu yake Danny Denzongpa alikosa kucheza Gabbar, nafasi ikaenda kwa Amjad Khan. Nishant ya Shyam Benegal, iliyoshindana kwenye tamasha la filamu la Cannes 1976 na kumtambulisha Naseeruddin Shah, ni nzito: mke wa mwalimu anatekwa na wenye ardhi wa kijiji na hakuna ofisi inayomsikiliza mumewe. Hiyo itazame peke yako, na si usiku ule ule uliotazama Sholay.