Bei ya Mafuta Ikishuka, Mwenye Hisa Hubaki na Nini?

SWALI: Mhariri, bei ya mafuta ikishuka sisi wanunuzi hufurahi. Kwa nini basi kampuni za uchimbaji hufilisika ilhali visima vyake bado vinatoa mafuta, na mwenye hisa hupata nini? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kinachoziangusha mara nyingi ni deni. Riba ya hati fungani, yaani mikopo ambayo kampuni huchukua kwa wawekezaji, haipungui bei ya pipa inaposhuka, na kibaya zaidi, benki nyingi hukopesha kwa dhamana ya mafuta yaliyo bado ardhini, ambayo thamani yake hukadiriwa upya, aghalabu mara mbili kwa mwaka, hivyo kikomo cha mkopo hupunguzwa wakati uleule kampuni inapohitaji fedha zaidi.

Kampuni ya Tullow, iliyojulikana kwetu kwa visima vya Turkana, ilijinusuru mwaka 2020 kwa kuiuzia Total sehemu yake yote ya mradi wa mafuta wa Uganda kwa dola milioni 575, bei ambayo kwa maoni yangu ilikuwa ya mwenye shida. Chesapeake ya Marekani haikuponea hapo: Juni mwaka huohuo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, deni la takriban dola bilioni 7 likaondolewa, wakopeshaji wakapewa hisa mpya, na za zamani zikafutwa, kwa kuwa mwenye hisa hulipwa baada ya wadai wote.

Kabla ya kununua, tazama katika hesabu za mwaka madeni yanaiva lini, na ni kiasi gani cha mafuta kimekwisha kufungiwa bei mapema. Gawio nono halikuelezi lolote kati ya hayo.