Mbunge, mwakilishi na mfereji wa bibi yako

Mwanangu, salama huko? Mesiji yako nimeiona, wenzio kazini Dar wanakucheka eti nyie Wazanzibari jimbo moja mna watu wawili, mbunge na mwakilishi, tofauti yao nini. Mbona nyepesi, mbunge anakwenda Dodoma, mwakilishi anakaa Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi, limeanza 1980, kabla ya hapo sheria za hapa zikitungwa na Baraza la Mapinduzi. Ndo maana siku ya kura tunapewa karatasi tano, Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Halafu wapo wawakilishi watano wanachaguliwa na wenzao waingie na Bungeni, hao wanawachanganya watu zaidi. Lakini la maana ni ukipata shida unamfata nani, na mie nshasema siku zote, usimpe mtu kura hujajua utamdai nini.

Ule mfereji, yaani bomba la maji, wa kwa bibi yako, uliokuwa ukikoroma usiku watu wanaamka kukinga, ulipokauka kabisa mie ndo nlotumwa na wazee. Nikavaa kanzu ya Idd, nikamngoja mbunge wetu wa wakati ule nje ya msikiti baada ya Ijumaa, nikamwambia kwa adabu zote, mheshimiwa, maji hakuna mwezi wa pili huu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akajibu kwa sauti kila mtu asikie, "Mzee wangu, maji si jambo la Muungano, hilo mfate mwakilishi." Watu wakacheka! Na sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, alikuwepo, naye akacheka.

Sasa kisheria alikuwa sawa, siwezi kukataa. Maji, skuli, hospitali, hayo ya Serikali ya Zanzibar, yanazungumzwa Chukwani. Ya Dodoma ni ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, elimu ya juu, mambo hayo. Lakini bwana, kwenye kampeni si alisema maji? Alisema! Au alosema ni yule mwakilishi, maana walikuwa jukwaa moja chama kimoja, wanapokezana maiki, wewe mpiga kura utajuaje nani kaahidi nini. Ndo nnavokwambia, ujue kwanza utamdai nini.

Mwakilishi nlimfata, bomba likaja, maji yenyewe ya chumvi lakini yakaja. Mamaako toka siku hiyo anasema mwakilishi ndo mtu wa kweli, mbunge wa kupiga naye picha tu. Mie sisemi hivyo, pasi yako ilipokwama kule uhamiaji alopiga simu nani? Mbunge, huyohuyo, na siku ya pili ukaitwa. Kwa hiyo sisemi kitu, wenzio waambie wote wawili wana kazi zao.

Ila kunijibu vile mbele ya sheha, ah, angenivuta pembeni tu.