Barua kwa mwanangu wa Dar

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza jana baada ya Isha nikacheka peke yangu, eti "mama, hawa masultani wa Busaidi waliotutawala Zanzibar walituachia nini zaidi ya yale majumba ya Forodhani?" Na we unauliza ukiwa Dar!

Basi anzia hapohapo. Ukishuka Posta ukaelekea zinakokatwa tiketi za boti za kuja kwetu Unguja, ng'ambo ya barabara kuna jengo kuukuu la mawe, Boma la Kale. Hilo alilijenga Sayyid Majid, sultani wa Zanzibar, miaka ya 1860 la kufikia wageni wake, pale palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi, yeye akataka mji na jina la Dar es Salaam ndo likaanza hapo. Alipokufa 1870 nduguye Barghash akaususa, Wajerumani wakaja kuuokota, 1891 wakahamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo, halafu watu wanasema mji kaanzisha Mjerumani!

Barghash mambo yake yote Unguja. Alishawahi kufukuziwa Bombay enzi za Majid, nadhani huko ndo alionja mambo ya mjini, maana aliporudi akashika kiti akatuvutia maji ya bomba kutoka Chemchem, akajenga Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu, 1883 (ile iliyoanguka upande 2020, nililia), akaleta wapigaji muziki kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Taarabu hiyo mwanangu.

Lakini usinielewe vibaya, siwasifu. Pesa ya yote hayo ilitoka kwenye karafuu na biashara ya watu. Tangu enzi za baba yao Sayyid Said mashamba yale yalilimwa na watumwa, soko la watumwa la Mkunazini limefungwa 1873 tena kwa kubanwa na Waingereza, na utumwa wenyewe mpaka 1897.

Na taarabu yenyewe jumbani iliimbwa Kiarabu, mpaka akaja Siti binti Saad wa Fumba, muuza vyungu, wazee wake walikuwa watumwa, akaiimba Kiswahili watu wakachanganyikiwa, 1928 akaenda hukohuko Bombay kurekodi santuri. Sasa nijibu wewe, hiyo kaacha sultani au kaacha Siti?

Jumapili nenda kalitazame hilo Boma, upige picha ya mlango unirushie. Na karafuu zako nimeshampa kijana wa boti, kazipokee.

Mama